Kompyuta ya Mzee haikufa

Wapendwa wa Tanga, Muheza, Pangani, Dar, na nyinyi wa Mombasa mnaosoma kimya kimya halafu mnanisema kwa Shangazi. Najua nimepotea. Zamu za usiku zimeniandama, na siku zangu za mapumziko zote nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Mgonjwa mwenyewe ni ile laptopu ya marehemu Mzee. Leo nawapa taarifa yake kamili, maana kila nikipiga simu swali ni lile lile: zile picha umezipata?

Nimezipata jamani. Lakini ngojeni niwasimulie vizuri, kwa sababu picha nilizipata usiku wa kwanza tu. Kilichoniweka macho usiku wa pili na wa tatu ni kitu kingine kabisa.

Kwa wale wageni: naishi Al-Shumaisi, mtaa wa zamani hapa Riyadh, jirani na hospitali kubwa ya serikali ambayo siku hizi inaitwa King Saud Medical City. Ukimwambia dereva wa teksi mtu mzima "Shumaisi" anakupeleka pale bila swali la pili. Mama nilipomtajia jina la mtaa mara ya kwanza alilia kwenye simu! Kumbe alishalisikia kwa mabinti waliorudishwa kutoka Jeddah, wakamweleza habari za kituo wanakowekwa watu wanaosubiri kurudishwa makwao. Mama, hiyo ni Shumaisi nyingine, iko njia ya kutoka Jeddah kwenda Makka, sehemu za Hudaibiya ile ya kwenye vitabu vya dini. Kati yangu na huko kuna zaidi ya kilomita 800. Nimemweleza mara kumi na bado ananiombea dua ya wafungwa.

Haya, turudi kwa mgonjwa.

Mzee alifariki Februari 2023, asubuhi, na alasiri ya siku hiyo hiyo akazikwa kama dini inavyotaka. Mimi nilikuwa zamu, simu imefungiwa kabatini. Nilipotoka nikakuta simu kumi na saba ambazo sikuzipokea na picha moja ya kaburi lenye udongo mbichi. Sitaki kuongea sana juu ya hilo. Mnajua wenyewe.

Mnaikumbuka laptopu yake. Dell Latitude D630, ile nzito ya kijivu, toleo la mwaka 2007, aliyoinunua ikiwa imeshatumika na akaitunza kama baiskeli yake ya Phoenix. Mzee na kompyuta walianza urafiki kwa ajili ya Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kufanyia mahesabu ambayo menyu zake zote zilikuwa za Kiswahili. Mzee, mwalimu wa Kiswahili, miaka thelathini na kitu ya chaki mkononi, alipoiona alisema, "Sasa mashine imekwenda shule." Tangu hapo hakutaka kusikia habari za Windows. Baadaye kijana wa dada akamwekea Linux, aina inayoitwa Xubuntu kwa kuwa ni nyepesi na kompyuta yenyewe ni bibi kizee. Virusi vya kwenye flashi za watu vikawa haviisumbui tena. Mzee akatamba mtaa mzima.

Humo ndani alikuwa anaandika daftari la ukoo. Nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, nani alioa wapi. Aliniambia kwenye simu kwamba anamaliza.

Sasa baada ya arobaini, kijana wa dada aliiwasha. Kikatokea kile kisanduku cha kuuliza kama unataka kuhamia toleo jipya la mfumo. Mzee alikuwa anakikatalia kila kikitokea, kwa miaka! Kijana akakubali. Sitamlaumu, mimi pia ningekubali. Ikapakua na kupakua mpaka bando likakata, ikaendelea siku ya pili, ikajizima na kujiwasha, halafu... giza. Kioo cheusi. Fundi mmoja wa mjini akaitazama dakika tano akasema imekufa, uzeni vipuri. Dada akakataa kuuza. Nilipokuja likizo mwaka 2024 nikaifunga kwenye kanga nikaja nayo huku kwenye begi la mkononi. Ikakaa juu ya kabati zaidi ya mwaka, maana kusema kweli nilikuwa naogopa kuiwasha.

Mwezi uliopita nikasema basi.

Niwaambie kitu kimoja cha kazini. Katika wodi ya wagonjwa mahututi, monita ikipiga kelele na ule mstari wa moyo ukanyooka, muuguzi mgeni anakimbilia monita. Muuguzi mkongwe anamkimbilia mgonjwa. Anamshika, anamwita, anatafuta mapigo shingoni. Mara nyingi unakuta mgonjwa anakutazama tu, waya mmoja umebanduka kifuani. Mashine inasema amekufa, yeye anauliza chai iko wapi.

Kwa hiyo nilipoiwasha na kioo kikawa cheusi, nikaanza na mgonjwa. Feni inazunguka. Taa ya diski inakonyeza. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kioo kikapepesa, yakatokea maandishi meupe kwenye weusi: login, na mshale mdogo unaowaka na kuzima. Nilipiga kelele mpaka jirani yangu Mfilipino akagonga ukuta. Alikuwa hai!

Paswedi nilishaiona. Mzee aliiandika chini ya laptopu juu ya kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, zile nilizompelekea za vidonda vyake vya mguu. Hakuzitumia kwenye mguu, alikuwa anaandikia.

Hapa lazima nieleze kidogo, wataalamu mnisamehe. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, moyo wa mfumo na sura yake ni vitu viwili mbalimbali. Moyo unaweza kudunda wenyewe bila picha hata moja, ni maandishi tu. Madirisha, picha, kishale cha kipanya, vyote hivyo vinachorwa na programu nyingine inayoendeshwa juu yake. Kwenye laptopu ya Mzee programu hiyo ni X. Ndiyo, jina lake ni herufi moja. Ilianzia chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1984, na kabla yake kulikuwa na mfumo ulioitwa W, basi wakachukua herufi inayofuata. (Waswahili tungeshatafuta jina na karamu ya kulipatia.) Toleo la 11 lilitoka mwaka 1987, ndiyo maana hadi leo watu wanaiita X11. Siku hizi mifumo mingi mipya imehamia kwenye kitu kingine kinachoitwa Wayland, ila X bado ipo kwenye kompyuta nyingi, hasa za wazee.

Kwa hiyo iliyoanguka ni X peke yake. Faili za Mzee zilikuwa zimelala salama nyuma ya kioo cheusi.

Pale kazini kuna mhandisi wa vifaa tiba, Mkenya wa Mombasa, mtu wa utani sana. Nikamuuliza wakati wa chai. Akaniambia, "Dadangu, wahangaika na X ya nini? Chomeka flashi, nakili faili, hiyo kitu kaitupe." Akaniandikia amri tatu kwenye kikaratasi. Usiku ule ule nikazijaribu, zikakubali. Picha zote, sauti mbili alizojirekodi akisoma mashairi yake, na faili kumi na mbili za daftari la ukoo zikaingia kwenye flashi niliyoinunua Batha. Asubuhi nikatuma kwa dada. Kazi imekwisha, si ndiyo?

Ndivyo mhandisi alivyodhani. Lakini mimi nilikaa na ile flashi nikaifungua kwenye kompyuta yangu, nikaona orodha ya majina ya faili yamepangwa kwa alfabeti kama wagonjwa kwenye rejista. Mzee hakuwahi kupanga kitu kwa alfabeti. Meza yake mnaikumbuka: madaftari yaliyosahihishwa kushoto, ambayo bado kulia, na ole wako uguse. Nilitaka kuona meza yake. Nilitaka niione kama alivyoiacha siku ile alipoifunika. Sikufika kumuona yeye, basi angalau niione hiyo.

Usiku wa pili nikaanza kusoma chati. X ina tabia nzuri, kila inachofanya inaandika. Unafungua faili inaitwa /var/log/Xorg.0.log na kila mstari una alama mbele yake. II ni taarifa tu. WW ni onyo. EE ni kosa. Nilicheka peke yangu, maana ni sawa na rangi zetu za kupanga wagonjwa mapokezi: kijani akae asubiri, njano mtazame, nyekundu mkimbilie. Unaacha kurasa zote za II unatafuta EE. Nikaandika grep EE na jina la faili, ikanipa mistari michache, miwili ikiwa ya maana. Mmoja ulisema imeshindwa kupakia kitu kinachoitwa nvidia kwa sababu hakipo. Wa mwisho ulisema hakuna kioo kilichopatikana.

Hakuna kioo! Na mimi nakisoma kwenye hicho hicho kioo.

Maana yake ni hii. Kadi ya picha ya laptopu ile ni NVIDIA ya zamani, Quadro NVS 135M. Ili X iweze kuchora inahitaji draiva, yaani kijiprogramu kinachojua lugha ya kadi hiyo. NVIDIA walikuwa na draiva yao ya namba 340 kwa kadi za umri huo, na mwisho wa mwaka 2019 wakaacha kuihudumia. Ilipofika toleo jipya la Ubuntu la mwaka 2022, haikuwemo tena. Kijana alipokubali kuhama, dawa ya zamani ikaondolewa, na chati ikabaki imeandikwa mgonjwa huyu apewe dawa hiyo na si nyingine. Mfumo ukaenda dukani, dawa hakuna, ukakaa chini ukalala.

Mimi kwa ujinga wangu nikapoteza masaa manne kuitafuta dawa ile ile. Kila nikiamuru, jibu: haipatikani. Saa tisa usiku nikampigia mhandisi (alikuwa zamu, msinionee huruma yeye) akacheka akasema ipo dawa mbadala ya bure, inaitwa nouveau, imo humo humo ndani tayari, watu wa NVIDIA hawakuiandika lakini inafanya kazi. "Ila angalia usije ukakuta imepigwa marufuku." Na kweli! Kwenye folda ya /etc/modprobe.d kulikuwa na faili dogo limebaki kutoka enzi za ile draiva ya zamani, lina mstari mmoja: blacklist nouveau. Wamiliki wawili hawakai kwenye kadi moja, kwa hiyo wa kwanza alipoingia alimfungia mlango wa pili. Sasa ameondoka na funguo.

Nikaufuta ule mstari, nikaamuru sudo update-initramfs -u, nikaiwasha upya. Maandishi yakawa madogo na safi zaidi, kumaanisha nouveau ameamka. Ila X bado giza. Nikalala na hasira.

Nikiwa zamu kesho yake nikawa nafikiria tu. Mgonjwa ameshaletewa dawa mbadala, kwa nini hapewi? Kwa sababu hakuna aliyebadilisha maandishi ya daktari! Usiku wa tatu nikafungua /etc/X11/xorg.conf, na hapo palikuwa pameandikwa wazi kabisa Driver "nvidia". Zamani watu waliandika faili hili kwa mkono, mstari kwa mstari, aina ya kioo, kadi, kipanya. Siku hizi X inajitambulia yenyewe na kwa kawaida faili halihitajiki kabisa. Sikulifuta, nililibadilisha jina tu, maana sisi chati ya zamani hatuichani. Nikaandika sudo systemctl restart lightdm.

Kioo kikawaka. Bluu! Kisanduku katikati na jina la Mzee.

Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikaandika paswedi. Kioo kikapepesa, kikawa cheusi sekunde moja, halafu... kikanirudisha kwenye kisanduku kile kile. Nikaandika tena. Tena. Hakusema nimekosea, ananifungulia mlango ananitoa kwa mlango huo huo. Jamani nililia. Si kwa sababu ya kompyuta.

Nikanawa uso, nikarudi kwenye maandishi. Muuguzi akikwama anarudia vipimo vya mwanzo: joto, pumzi, presha, mkojo. Nikaandika df -h kutazama nafasi ya diski. Asilimia 100. Ile safari ya kuhamia toleo jipya ilikuwa imeacha vifurushi vyake vyote humo ndani, na ukiingia kwa jina lako X inahitaji kuandika kijifaili kidogo tu cha ruhusa kwenye folda yako. Ikikosa hata hiyo nafasi inakutoa. Mgonjwa alikuwa amefunga choo! Nikampa dawa ya kuharisha: sudo apt clean. Ikatoka gigabaiti na ushee.

Paswedi tena. Giza la sekunde moja. Halafu meza ya Mzee.

Picha ya nyuma ni ile ya ufuo wa Pangani. Ikoni ziko mafungu mawili. Kushoto faili tisa zimepangwa wima, zimenyooka kama mstari wa wanafunzi asubuhi. Kulia tatu, na katikati patupu. Sikuhitaji mtu kuniambia. Kushoto ni yaliyosahihishwa. Kulia ni ambayo bado: wa Mombasa, wa Unguja, na upande wa bibi mzaa mama. Kwenye flashi zote kumi na mbili zilionekana sawa, na nilishamwambia dada kwamba Mzee alimaliza. Dada, nilikosea. Nimezifungua zile tatu nikakuta katikati ya kurasa amejaza nukta nukta mahali pa majina, na pengine ameandika "muulize Shangazi".

Halafu nikaona saa. Kule juu pembeni iliandika 1:20. Simu yangu ilisema saba na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa nimekesha. Nikadhani betri ya ndani imekwisha. Nikauliza mfumo kwa amri ya date, ukanijibu 07:20, sahihi kabisa, maana Tanzania na Saudia saa zetu ni zile zile. Sasa hii ya juu imepotelea wapi? Nikabonyeza kwenye mipangilio yake. Imewekwa kufuata Buenos Aires.

Argentina! Mzee ambaye hakuwahi kupanda ndege. Nikafikiria labda ni mapenzi ya Maradona. Nikampigia kijana wa dada, akawa bado na usingizi. "Mama mdogo, Babu mwenyewe alinilazimisha. Alisema kompyuta imejifunza Kiswahili chote imebaki kusoma saa." Akatafuta nchi iliyo nyuma yetu masaa sita kamili akaipata Argentina. Saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nimefanya kazi huku miaka yote hii natoa sita kichwani kila nikikabidhi zamu, na Mzee alikuwa ameshalimaliza hilo kwenye meza yake.

Basi, shughuli iliyopo mbele yetu. Shangazi, nukta nukta nyingi zinakusubiri wewe, nitakupigia Ijumaa, uwe umeshakunywa chai. Wa Mombasa, nitumieni majina ya watoto wa babu aliyehamia Kisauni, pamoja na waliofariki wadogo, Mzee ameacha nafasi zao. Wa Unguja, nina majina mawili tu na yote yameandikwa kwa alama ya kuuliza. Andikeni hata kwa ujumbe wa sauti, nitachapa mwenyewe. Kila faili likikamilika nitalivuta kwenda kushoto.

Picha nazituma kidogo kidogo, bando la huko nalijua. Saa ya Mzee sijaigusa. Sasa hivi inasema 3:40, jua limeshapanda na mimi naingia kulala.